Mlio Uliohama Upande

Zuberi wa Lukozi hakuwahi kukaa kwenye kiti mpaka kikapata joto. Hata msibani, ambako watu wote huketi chini na kutulia, yeye alisimama mlangoni, mkono mmoja kwenye ufunguo wa gari, kana kwamba kuna mtu atamwita. Alikuwa na pikapu kuukuu aliyobebea kabichi na karoti za watu tangu binti yake Zuhura alipokuwa anabebwa mgongoni, na kitu alichojivunia kuliko pikapu hiyo ni masikio yake. Akisema gari lina kitu, basi lina kitu. Mafundi wa Lukozi walishajizoesha kumsikiliza yeye kwanza ndipo washike spana, na mazoea hayo ndiyo yaliyoleta kizaazaa chote hiki.

Wiki ya harusi ya Zuhura, pikapu ikaanza kuvuma. Ukienda polepole husikii kitu. Ukikanyaga mafuta, unatoka mvumo mzito, kama jiwe la kusagia linalozungushwa chumba cha pili. Mtu mwingine angefungua redio, yaishe. Zuberi alizima redio, akashusha vioo vyote viwili, akashuka mteremko wa kwenda kijiji jirani cha Malindi shingo ameipinda kama kuku aliyesikia mwewe.

Alikuwa na sababu ya kuhangaika, tusimwonee. Alimwahidi Zuhura kwamba nikaha ikishafungwa, atampeleka yeye mwenyewe kwa mumewe, kijijini Mlola, kwa pikapu hii hii, sanduku na mikeka vikiwa nyuma. Mengine yote ya harusi yalipangwa na wanawake: mapishi, nguo, wageni walale wapi. Yeye aliachiwa safari hiyo moja tu. Na dada yake Tatu, shangazi wa bibi harusi, mwanamke asiyejua kunong'ona, alishatafuta basi dogo la akiba, na alilitaja kila alipopata upenyo.

Zuberi akalipeleka gari kwa Martin, fundi anayefanya kazi chini ya paa la mabati nyuma ya soko.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba. Beringi ya mbele, kushoto."

"Una hakika?"

"Martin, mimi na wewe tumejuana leo?"

Fundi hakubisha. Akainua tairi la kushoto kwa jeki, akalizungusha, akasikia mkwaruzo mkavu kidogo. Lakini gari la umri ule hata ukigusa mlango unasikia ukavu. Akatoa beringi za zamani, akaweka mpya, akapaka grisi, akafunga. Zuberi akawasha gari kurudi nyumbani, akipanda mlima.

Mvumo ulikuwepo vilevile, ila sasa ulitokea kulia.

Siku ya pili akashuka tena kuelekea Malindi: kushoto. Akapanda: kulia. Akashuka, kushoto. Chakula kikamshinda. Alimweleza mkewe Hawa jikoni, huku Hawa akichambua mchele wa pilau.

"Mlio unaohama upande," Hawa alisema bila kuinua macho, "hauko kwenye gari, mume wangu. Uko kwako."

"Unaniona nimechanganyikiwa?"

"Nakuona baba anayeozesha."

Tatu, aliyekuwa kwenye kinu, hakuwa na upole huo. "Sema tu hutaki mtoto aondoke. Unalisingizia gari la watu bure. Basi dogo lipo, kesho tunapanda, wewe ubaki na mlio wako."

Maneno yale yalimchoma, kwa sababu usiku alishajiuliza hivyo hivyo. Kweli hakutaka Zuhura aondoke. Kila alipoona sanduku lile ukumbini, alitafuta sababu ya kutoka nje. Je, inawezekana mtu akasikia kwa masikio kinachomuuma moyoni? Kama ndivyo, hafai kushika usukani akiwa amembeba mwanawe. Na kama sivyo, kuna gurudumu linalokaribia kukwama katika kona za Mlola, watu wakiwa wamejaa nyuma. Hakujua lipi ni baya zaidi. Alitoka bila kuaga, akaenda kumchukua Martin.

"Twende tukalisikilize tena," alisema.

"Mteremkoni?"

Zuberi alitaka kusema ndiyo, akasita. Walikuwa wamesimama karibu na ukingo wa mlima uliochongwa wakati wa kupitisha barabara, na nyuma yao mtu alikuwa anapasua kuni. Kila shoka lilipotua, mlio ulirudi kutoka kwenye ukuta ule wa udongo, si kutoka kwa mpasuaji. Zuberi akageuka mara mbili. Wanakokaa watu wa milimani, barabara zote zina ukuta upande mmoja na bonde upande wa pili. Kushuka Malindi, ukuta uko kushoto. Kupanda, uko kulia. Bonde linameza sauti, ukuta unairudisha. Siku zote hizo alikuwa anausikiliza mlima.

"Siyo mteremkoni," alisema. "Uwanjani."

Uwanja wa mpira ni mahali pekee tambarare pasipo na ukingo wowote karibu. Wageni wa harusi waliokuwa wanateremka kutoka kwenye bodaboda wakamkuta baba wa bibi harusi akizunguka katikati ya uwanja kwa kasi, vumbi juu, fundi ameshikilia mlango. Kuna waliosema amechanganyikiwa, na mmoja akakimbia kumwambia Tatu, ambaye hakuhitaji kukimbiliwa, kwani vumbi alishaliona. Zuberi alizunguka kwa kukata kulia, mvumo ukafifia mpaka ukakaribia kuisha. Akageuza, akazunguka kwa kukata kushoto, uzito wote wa gari ukalalia upande wa kulia, na mvumo ukapanda mpaka Martin akahisi nyayo zinamtetemeka.

"La kulia, mzee," Martin alisema.

"La kulia. Nilikupoteza mimi."

"Na mimi nilipotea kwa hiari. Ningeinua yote mawili tangu mwanzo."

Wakaweka mawe nyuma ya matairi, wakainua lile la kulia. Martin akalishika juu na chini, akalitikisa, likacheza waziwazi. Akalizungusha huku kiganja kikiwa kwenye springi, na mkwaruzo ukampanda mkononi. Bodaboda akatumwa Lushoto kununua beringi, na Zuberi akatembea kuanzia goli hadi goli mpaka aliporudi. Zile za zamani zilipotolewa zilikuwa zimeungua rangi ya samawati, vigololi vyake vimelika. Martin alizishindilia mpya grisi kwa kiganja mpaka ikatokea upande wa pili, akabadilisha sili inayozuia grisi isitoke, akakaza nati huku akilizungusha gurudumu, akailegeza, kisha akaikaza tena kwa vidole tu. Zuberi alizichukua beringi zilizoungua, akampelekea Tatu, akaziweka mbele yake. Tatu alizitazama, akaenda kupiga simu basi dogo lisije.

Kesho yake, nikaha ilipokwisha, walishika njia ya Mlola. Zuhura alikaa mbele, mikono ya hina magotini, shangazi na wenzake nyuma wakipiga vigoma. Gari lilikwenda kimya. Upande wa ukuta, kimya. Upande wa bonde, kimya. Wanawake nao walipochoka kuimba, Zuberi akasikia kitu kingine, karibu kabisa, na safari hii hakukosea upande. Zuhura alikuwa analia ndani ya ushungi.

"Tate," binti alimwita baba yake kwa Kishambaa cha nyumbani, alipojua amesikika, "gari limetulia."

"Limetulia, mwanangu."

"Na wewe?"

Alitaka kumdanganya, akashindwa. "Mimi bado," alisema.

Alimfikisha. Akapokewa vizuri, akala, akasifiwa, akaaga. Wanawake walibaki Mlola kwa siku zao za shughuli, kwa hiyo alirudi peke yake, kiti cha pembeni kitupu. Kabla hajafika mbali alisimamisha gari kando ya barabara, akashuka, akachuchumaa karibu na gurudumu la kulia. Nati ikikazwa kupita kiasi, habu, kile kitovu cha gurudumu, huchemka mpaka ikaunguza mkono, na hapo hakuna dereva mwenye akili atakayeendelea na safari. Atageuza polepole, atarudi kijiji cha karibu, ataomba pa kulala.

Akaweka kiganja, akakiacha hapo kwa muda mrefu, akingoja. Habu ilikuwa ya vuguvugu tu. Martin alifanya kazi nzuri, na Zuberi hakuwa na sababu yoyote ya kurudi Mlola.