Njia ya Pwani Mpaka Alipobaki Zuhura

Tuliondoka Dar kwa sababu ya kisomo cha marehemu. Mke wangu Tatu alikufa maji, bondeni Msimbazi, ndani ya chumba chetu, akiwa kalala na homa. Nilimtanguliza binti yetu Zuhura juu ya paa la jirani, nikarudi kumchukua mama yake, mlango ukakataa kufunguka. Watu husema ni mvua ya Mungu. Mvua sawa, ni ya Mungu. Ukuta uliofunga mfereji ni wa Salum Kibuyu, aliyetaka ghala lake lisiingie maji. Na mjumbe wetu Athumani alikuja kuukagua ule ukuta, akalishwa pilau palepale, akanawa, akaenda zake. Nawataja kwa sababu sijasikia mwingine akiwataja.

Tatu tulimzika upesi, na mama yake, anayeishi milimani Amani huko Tanga, hakuwahi mazishi. Akaagiza twende tukamsomee kwake. Kaka yangu Kondo, mwenye duka la vitenge Kariakoo, akasema atatupeleka kwa gari lake, tena tupite njia ya pwani badala ya lami ya Chalinze. "Mtoto aone bahari iliyotulia, akaone na msitu," aliniambia. "Na wewe upumzishe kichwa." Mimi ni muuza viatu vya mtumba Mchikichini, shule niliishia la nne, na tangu mafuriko tulikuwa tunalala stoo kwa Kondo juu ya marobota. Mtu wa namna hiyo akiambiwa apumzishe kichwa, anasema ahsante.

Alfajiri, Kariakoo. Wenye mizigo walikuwa wameshaanza kugombana na makuli, sisi tukapakia. Tulikuwa wanne: Kondo kwenye usukani, mkewe Mama Sharifa pembeni yake, mimi na Zuhura nyuma. Begi la Zuhura alilipanga Mama Sharifa mwenyewe. Nilipolinyanyua nikamuuliza, "Shemeji, tunaenda kusoma au tunahama?"

"Mtoto wa kike huyo," akanijibu. "Unataka arudie gauni kama wewe unavyorudia shati?"

Kondo akacheka. Nikaliweka begi garini.

Bagamoyo, asubuhi. Tulisimama kunywa supu ya pweza karibu na ufukwe. Maji yalikuwa yamepwa, mchanga umelala mweupe mpaka mbali, na wanawake walikuwa wakiokota chaza kana kwamba wanaokota mchele. Mahali pazuri, sikatai. Zuhura alikaa kaipa bahari mgongo. Ana miaka minane, si mtoto wa kudekadeka.

"Baba, yale maji yanakuja?"

"Yanakuja na kurudi. Ndiyo kazi yake."

"Yakisahau kurudi?"

Kondo akatia chapati mdomoni, akasema, "Mwanao ana maneno huyu." Nilimgeuzia Zuhura kiti vizuri ili asione kabisa.

Baada ya Makurunge njia ikawa vumbi na vifusi, wanatengeneza barabara. Tukapita pembeni mwa mbuga ya Saadani, nyani wamekaa barabarani kama wazee wa baraza, hawapishi mpaka upige honi mara nyingi. Mbele ya Mkwaja bahari ikatokea tena kati ya minazi, kibuluu kile ambacho watu hupaka kwenye kuta za migahawa. Mama Sharifa akashusha kioo, akapiga picha, akanipiga na mimi. Kwenye ile picha ninatabasamu. Nimeitazama mara nyingi baadaye. Uzuri ule ulinikera, nikijua kwamba Tatu alipita njia hii akiwa msichana, akija mjini, na akawa ananiambia siku moja tupite wote, nami nikawa namwambia viatu vikiuzika.

Bweni, mchana. Hapo unavuka mto Pangani kwa pantoni mpaka mjini. Zuhura alipoona tunatakiwa kuingia juu ya maji akang'ang'ania mlango wa gari. Nikambeba, nikamfunika uso kwa kanga ya Mama Sharifa. Mzee anayepokea tiketi akanitania, "Binti mkubwa huyo bado anabebwa?"

"Wewe vusha," nikamwambia.

Akanitazama, akamtazama mtoto, akatupisha tukakae pale pasipoonekana maji. Safari nzima, huyo ndiye mtu aliyenitendea jambo bila kutaka kitu kwangu.

Kutoka Pangani kwenda Muheza ni mkonge, mistari iliyonyooka mpaka macho yanauma. Babu yake Tatu ndiye aliyekuja kuukata, kutoka Unyamwezini, mkonge ulipolegea familia ikapanda mlimani kwenye chai na iliki. Sasa, Wazaramo na Wanyamwezi ni watani tangu enzi za misafara. Mtani anakutukana, anakunyang'anya kofia, anakaa kwenye jeneza la baba yako akidai halitoki mpaka alipwe kuku, nawe unacheka. Kukasirika ni aibu. Akichukua kitu chako unakikomboa kwa kitu chochote, hata kidogo, yakaisha. Na mimi, Mzaramo, kwa wakwe zangu ni mtani mara mbili, kwa kabila na kwa ushemeji.

Jioni tukaanza kupanda Amani. Njia inajikunja, na msitu unakuja juu ya gari kutoka pande zote, miti ambayo huoni inapoishia, mizizi kama kuta, ukungu unashuka taratibu kwenye majani. Mbega walirukaruka juu yetu. Harufu ya iliki ikaingia garini. Mto ulisikika, lakini chini sana, bondeni, huko ambako hatukuwa sisi. Zuhura, ambaye tangu Bweni alikuwa kajikunyata, akafungua kioo, akatoa kichwa. Akaanza kuuliza: yule nyani mbona ana ndevu nyeupe, huu mti una miaka mingapi, bibi anakaa juu zaidi ya hapa? Nilikuwa sijamsikia akiongea mfululizo tangu msiba. Nikafikiri, Kondo kumbe ana akili. Nikamshukuru kwa mdomo wangu.

Shabani, kaka wa marehemu, alitupokea uwanjani.

"Wazaramo mmefika. Mmekuja na nini, au mmeuza kiwanja njiani mkacheza ngoma?"

"Tumekuja kukuletea kipande cha kanga uweke kichwani," nikasema, "maana pembe za ndovu ulizobeba kutoka Tabora zimekutoa upara."

Wakacheka mpaka kuku wakakimbia. Mama mkwe akatoka, nikamwamkia, "Shikamoo mama." Akaitikia "Marahaba baba," akanipita, akamkumbatia Zuhura, akalia akiwa amemshika hivyo hivyo.

Siku ya pili tukasoma. Khitma ikaisha vizuri, pilau likaliwa, na watani wakaanza kazi yao. Mmoja alijilaza mlangoni eti yeye ndiye maiti na anataka soda. Halafu Shabani akamshika Zuhura mkono, akamweka nyuma yake, akasema kwa sauti ya watu wote wasikie, "Mzaramo, ulichukua dada yetu mzima, ukamlaza kwenye maji. Huyu ni fidia. Nimemteka."

Wote wakanitazama, wanangoja nijibu. Ilikuwa nitoe kitu, chochote. Kofia nilikuwa nayo kichwani. Ningeivua nikampa, Zuhura angerudi mapajani kwangu, na tungeendelea na chai.

Badala yake nikasema, "Mchukue. Mfundishe kubeba mizigo. Ila huyo anakula kama kiwavi, atawamalizia michembe yote ya viazi."

Uwanja ukalipuka. Walicheka wazee, wakacheka wanawake jikoni, nikacheka na mimi mpaka machozi yakanitoka. Nilikuwa sijacheka tangu paa lile. Nilisikia raha, basi nikaikalia ile raha, kofia ikabaki kichwani.

Asubuhi ya kuondoka, begi langu lilikuwa garini, la Zuhura halikuwepo. Nikaingia ndani, nikakuta wamekaa: mama mkwe, Shabani, wazee wawili, na Kondo kakaa upande wao.

"Baba Zuhura," mama mkwe akaanza, "jana ulitamka mbele ya watu."

"Mama, ule ulikuwa utani."

"Utani una kukomboa," Shabani akasema. Safari hii hakucheka. "Hukukomboa."

Nikavua kofia hapo hapo, nikamwekea mapajani. Akaichukua, akanirudishia kwa mikono miwili, kwa adabu, kama mtu anayemrudishia mkubwa wake. Hapo nikajua kwamba utani ulikuwa umekwisha.

Nikamgeukia Kondo. "Kaka, waambie."

"Niwaambie nini?" akasema, anaangalia sakafu. "Unamrudisha wapi? Kwenye marobota? Mama Sharifa amechoka, na mimi stoo naihitaji. Huku kuna shule, kuna bibi yake."

"Mlijua tangu Dar."

"Tulijua ungekataa tukikuambia."

Nawataja hawa pia. Kondo, tuliyenyonya ziwa moja. Mama Sharifa, aliyekunja nguo za mwanangu moja moja, na sare ya shule ndani, akanitania kuhusu shati. Shabani, aliyenivuta kwa kicheko, huku akijua mtu aliyefiwa akipata kicheko hakiachi upesi.

Nikatoka kumtafuta Zuhura. Nilimkuta nyuma ya nyumba, amesimama pale mteremko unapoanzia. Usiku kulikuwa kumenyesha.

"Zuhura, funga viatu, tunaenda."

Hakusogea. Akanionyesha kwa kidole vijito vilivyochimbika kwenye udongo, vyote vinaelekea chini.

"Baba, angalia. Huku maji yanaondoka yenyewe."

"Nimeona."

"Usiku sikuamka hata mara moja."

Stoo alikuwa akiamka kila bomba la jirani likifunguliwa. Nilikuwa na maneno mengi ya kuwaambia wale wa ndani, hata ngumi nilikuwa nayo. Nikainama, nikamfunga kamba za viatu, nikamwambia asimsumbue bibi. Akaniuliza nitarudi lini. Nikamwambia viatu vikiuzika, halafu nikasikia nilichosema.

Kurudi tulipita lami, Segera, Chalinze, malori na vibanda vya machungwa. Hakuna aliyeomba tusimame. Kondo aliwasha redio, akaizima, akasema, "Ipo siku utanishukuru." Nikamwambia nilishamshukuru, kule msituni. Tuliingia Kariakoo watu wanafunga maduka, na jioni hiyo hiyo nikahama stoo. Sasa nalala mezani kwangu Mchikichini, chini ya turubai, na mlinzi.

Wanaouliza nimejifunza nini nawajibu hivi. Salum Kibuyu na Athumani, siku moja nikipata nguvu, naweza kuwapeleka mbele ya mtu. Hawa wengine sina pa kuwapeleka. Mtani hashitakiwi, ndugu hashitakiwi, na mtoto anayelala usingizi huwezi kumwamsha ili aje akuliwaze.

Nampigia kupitia simu ya Shabani. Mwanzoni alikuwa analia, nikawa nakata nikiwa nalia na mimi. Juzi akapokea mwenyewe, na nyuma yake nikasikia watu wanamchochea, wanacheka.

"Wewe Mzaramo," akasema, "umeuza kiwanja kingine?"

Ni binti yangu, Mzaramo wa kwangu mimi, na alikuwa akinitania kwa upande wao. Walikuwa wananisikiliza. Nikamwambia sina kiwanja, nimebakiza ngoma tu, nije nikachezee wapi? Akacheka sana, kicheko cha mama yake. Nilikaa na simu sikioni mpaka ikakatika.