Maiki Iliyosahauliwa Kolani

Dobi wa geti la nyuma la chuo alikuwa mwanamke mfupi, mwenye kovu la pasi kwenye kidole gumba, umbo la ukucha. Duka lake chumba kimoja tu: kaunta, meza ndefu iliyotandikwa blanketi kuukuu, na pasi mbili, moja ya kufanyia kazi na nyingine ya kungojea ile ya kwanza iharibike. Nguo zilining'inia ukutani zimebanwa vikaratasi vya namba kwa pini. Majina hakuandika. Watu aliwajua kwa kola zao.

"Huyu kola yake inalika kushoto tu," angesema, akiinua shati. "Huyu analala upande mmoja na mkewe hayuko upande huo."

Alikuwa na binti mmoja, mwaka wa tatu hapo hapo chuoni, akisomea filamu na televisheni pamoja na Kifaransa. Wateja walimwita Kamera. Digrii yenyewe iliwapa watu wa mtaa tabu kweli kweli.

"Sasa huyu mtoto atakuwa nani, shoga yangu?" muuza vitambaa wa duka la pili aliwahi kuuliza. "Atapiga watu picha kwa Kifaransa?"

"Picha atapiga kwa kamera," dobi alimjibu bila kuinua macho. "Kifaransa ni cha kuwaambia wakae vizuri."

Mwenyewe kusoma aliishia darasa la pili, na hakulificha hilo. Mwaka wa kwanza Kamera alijaribu kumfundisha japo salamu. Bonjour, mama, sema bonjour. Mama akasema bonzuu, akasema bonjoo, akasema bunju, mpaka binti akashika tumbo kwa kucheka. "Basi mama, acha. Ulimi wako umeshakauka." Na mama naye akacheka, akarudi kwenye mikunjo ya suruali ya watu.

Tangu hapo ile lugha ikawa pazia. Kila baada ya vipindi Kamera alikuja dukani na rafiki yake wa darasani, msichana mrefu aliyeitwa Mlingoti kwa sababu ya urefu huo, na kwa sababu ndiye aliyeshika mti wa maiki kila walipopiga filamu. Wakaketi kwenye vigoda kando ya meza ya pasi, wakaongea Kifaransa. Walisema ni mazoezi, na kweli yalikuwa mazoezi. Lakini muda si muda wakaanza kusema mle yale ambayo kwa Kiswahili wasingethubutu. Wahadhiri, wavulana, wateja. Na mwenye duka pia. Mvuke ukipanda, pasi ikienda na kurudi, dobi akinyunyiza maji kwa chupa yake, hakuna aliyemtazama usoni.

Muhula ule walipewa kazi moja kubwa: filamu ya dakika kumi ya mtu akifanya kazi yake, bila kumwuliza swali hata moja. Zingeonyeshwa Ijumaa mchana katika ukumbi wa chuo, mazungumzo baadaye yawe kwa Kifaransa, na kila mwanafunzi alipewa viti viwili vya familia. Kamera alimchagua mama yake. Viti je? Alimwambia mama kwamba familia hazialikwi, ni mambo ya wahadhiri tu.

"Haya, Profesa," mama akasema. Ndivyo alivyomwita akitaka kumtania. "Mtaniambia ilikuwaje."

Dakika ile ile, mama akiwa hatua mbili tu kutoka pale, Kamera alimgeukia Mlingoti akamweleza kwa Kifaransa: akija atakoroma dakika ya pili, na mazungumzo yakianza atakaa tu pale kama furushi la nguo. Mlingoti aliguna, akacheka kidogo. Pasi ilisimama kitambo, kisha ikaendelea.

Jumanne wakapiga picha. Kamera alimbana mama maiki ndogo kwenye kola ya gauni, akatia kinasa sauti kwenye mfuko wa aproni, na mama akafanya kazi yake kama vile hakuna aliyekuwepo. Picha zilipotosha, Kamera akatazama saa, akaona kipindi kimeshaanza. Wakakunja stendi, wakabeba kamera, wakatoka mbio. Mwalimu wao wa filamu alikuwa na wimbo mmoja: ukisema kata, hakikisha kila kitu kimekatwa. Walikata picha. Sauti hawakuikata.

Jioni alipofika nyumbani alikuta kinasa mezani, na maiki imekunjwa vizuri kwenye kitambaa safi, juu yake kikaratasi cha namba kimebanwa kwa pini.

"Hako kadudu kako nilikuwa karibu nikapige pasi," mama alimwambia. "Kamelala kolani mwangu mpaka nafunga duka."

Jumatano mchana Kamera alikuwa chumba cha kuhariria, peke yake, hedifoni masikioni. Kinasa sauti kilikuwa kimejaa saa tatu za pasi. Akaamua kusikiliza hadi mwisho, huenda akapata mlio mzuri wa mvuke. Akasikia mlango. Akasikia salamu ya Kifaransa, na sauti akaitambua palepale: mhadhiri wake wa Kifaransa, mama mmoja mkali, asiyecheka darasani hata ukianguka na kiti. Kumbe naye hupeleka mashati kule. Halafu mtu mwingine akajibu, kwa Kifaransa laini, cha haraka, kisichotafuta maneno.

Kamera alidhani ni mteja wa pili. Na kwa kuwa mkono wa mtu wa kuhariri hauwezi kutulia, akaanza kuandika tafsiri chini ya kioo cheusi kisicho na picha, kama walivyofundishwa, sentensi kwa sentensi, bila kufikiri.

Ijumaa utakuja? Viti vya familia viko mbele kabisa.

Mwanangu kasema familia hazialikwi.

Nani kasema? Kila mmoja amepewa viwili.

Najua. Nilimsikia akimweleza mwenzake. Kasema nitakoroma dakika ya pili, na nitakaa kama furushi la nguo.

Vidole vilikwama kwenye vitufe. Alisoma alichoandika, kikimtazama kutoka kwenye kioo, herufi nyeupe. Hayo yalikuwa maneno yake. Hakuna mtu duniani aliyeyasikia ila Mlingoti. Akarudisha nyuma, akasikiliza tena, na safari hii akaisikia ile "mh" ndogo anayoitoa mama kila anapogeuza nguo, kabla hajasema neno. Mh. Kisha Kifaransa.

 Kamera akavua hedifoni, akazitazama kana kwamba zimemwuma, akazivaa tena.  Akarudisha nyuma mara ya tatu, mara ya nne, akitumaini sauti itabadilika iwe ya mtu mwingine. Haikubadilika. Mhadhiri alikuwa akiuliza kwenye kinasa: bado hujamwambia? Na mama yake, mama wa bunju, alikuwa akijibu: bado. Nawe usimwambie. Usimpunguzie alama pia, ni mtoto mzuri. Shati lake la Ijumaa nimeshalipiga pasi.

Miaka miwili ilimrudia yote kwa mpigo. Kile kigoda. Siri za yule mvulana wa mwaka wa nne. Siku aliyosema yeye mwenyewe ananuka mvuke wa duka na anatamani kuhama nyumbani. Siku aliyomwiga mama anavyotembea. Kila kitu, hatua mbili kutoka kwenye pasi. Alitamani sakafu ya kile chumba ipasuke imfiche, na sakafu ilikuwa ya saruji.

Hakukumbuka baadaye alivukaje geti. Alijikuta tu mbele ya kaunta, kinasa sauti mkononi, pumzi juu juu. Mama alikuwa na koti la mtu mezani.

"Una nini wewe? Umefukuzwa na mbwa?"

 Kamera akaweka kinasa juu ya kaunta, akakibonyeza. Sauti ya mhadhiri ikatoka, kisha ile nyingine.

Mama akaiweka pasi wima. Kitu ambacho Kamera hakukitarajia kilitokea: uso wa mama nao ulipigwa na butwaa. Akainama, akasogeza sikio.

"Huyo ni mimi?"

"Ni wewe, mama."

"Ndivyo ninavyosikika?" Akasikiliza kidogo tena. "Kumbe bado ninacho. Nilidhani kimeota kutu."

"Mama!" Sasa maneno yalimtoka Kamera, na machozi pamoja nayo. "Tangu lini? Umekijulia wapi? Mbona hukusema? Miaka miwili, mama!"

"Punguza sauti, koti la watu hili." Mama alivuta kigoda, kile kile cha Mlingoti, akakaa. Alikaa mara chache sana katika duka lile, hata lilionekana duka la mtu mwingine. "Kabla hujazaliwa nilikaa miaka tisa kwa watu waliokiongea. Nilikuwa naosha, napika, nalea watoto wao. Mtoto akilia, utamwelewa kwa lugha gani? Unajifunza tu. Wao hawakujua. Walikuwa wakinisema mezani nikiwa nimeshika sahani, kama vile wanaongea mbele ya kabati. Nikajizoeza kunyamaza."

Kamera alihisi kitu kikimgonga tena, kizito kuliko cha kwanza. Kama vile wanaongea mbele ya kabati. Akakitazama kigoda chake mwenyewe.

"Ulipoingia chuo," mama akaendelea, "nilifurahi, nakwambia. Zile bonzuu, bunju, nilikuwa nakuchezea. Nikasema nitamwacha wiki moja, halafu nimjibu ghafla aanguke na kigoda, tucheke. Nilikuwa nachagua siku. Siku ya tatu mkaanza kunisema mimi." Akainua mabega. "Sasa ningesema nini? Kila siku nilisema kesho. Siku zikawa nyingi, nikaona nikisema utakufa kwa aibu. Nikanyamaza. Hilo naliweza."

"Nilisema utakaa kama furushi," Kamera alinong'ona.

"Nilisikia."

"Na ulinipigia pasi shati."

"Sasa nikuache uende na mikunjo? Watu wangesema mtoto wa dobi."

Mteja akachungulia mlangoni. Mama akamnyooshea kidole kwamba arudi baadaye, na yule, ambaye hajawahi kuona dobi amekaa, akarudi nyuma haraka kama aliyefumania jambo.

"Nisamehe, mama."

 Mama alikuwa anakigeuza kinasa mkononi, akitafuta kitufe. "Hiki kinafutwa wapi?"

"Mwalimu wa filamu angesema hii ndiyo filamu yenyewe," Kamera alisema, na papo hapo akajuta kulisema.

"Mwalimu wako ana mama yake, akamrekodi huyo. Mikono yangu nilikupa, ionyeshe. Hayo niliyosema na mteja wangu ni yangu. Wapi?"

Kamera akamwonyesha. Kidole gumba chenye kovu kikabonyeza, kikabonyeza tena.

"Na ya kwenye kompyuta?"

"Naenda kuifuta sasa hivi."

"Na maandishi uliyoandika?"

Kamera akashtuka. Hakuwa amemtajia maandishi yoyote.

"Wewe na huyo mrefu wako mmekaa hapa miaka miwili mkisimulia kazi zenu," mama akasema. "Tafsiri huandikwa chini ya picha, naijua hadi aina ya herufi. Nenda kafute." Binti alipofika mlangoni akaitwa. "Na vile viti viwili?"

"Viko, mama. Vyote viwili. Njoo, tafadhali."

"Nitaangalia kama koti hili litakauka," mama akasema, akainuka kuishika pasi.

Alhamisi mama hakuvitaja tena viti. Ijumaa asubuhi vivyo hivyo, na Kamera hakuthubutu kuuliza. Mchana alisimama mlango wa ukumbi, amevaa shati lisilo na mkunjo hata mmoja, akitazama njia ya geti la nyuma. Walishaanza kuzima taa alipomwona anakuja, gauni la buluu, kiatu kinachobana, hana haraka. Kamera akamshika mkono, akampeleka mstari wa mbele.

Mlingoti alikuwa ameshaketi. Kamera hakuwa amemwambia lolote. Alikosa pa kuanzia. Basi Mlingoti akainama upande wa rafiki yake, akanong'ona kwa Kifaransa, kama siku zote: umemleta kweli? Si ulisema atakoroma?

Mama akageuza shingo taratibu, akamjibu kwa Kifaransa kile kile laini:

"Dakika ya pili, mwanangu. Subiri."

Chupa ya maji ilimtoka Mlingoti mkononi, ikabingirika chini ya viti mpaka jukwaani. Mdomo ukabaki wazi, akitazama mbele, hapepesi. Kiti cha tatu kutoka hapo, mhadhiri wa Kifaransa alijifunika uso kwa karatasi ya ratiba, na mabega yake yalikuwa yanatikisika.

Filamu ikaanza. Mikono, pasi, mvuke, kola inayonyooka. Ukumbi ulitulia. Kamera hakuitazama filamu yake, alitazama saa. Ilipotimia dakika moja na sekunde hamsini na tisa, kutoka kiti cha pembeni yake ulipanda mkoromo mmoja mrefu, wa kifua kizima, hata mstari wa nyuma ukageuka kutazama.

 Kamera akageuka kumwamsha. Mama alikuwa amelaza kichwa, mdomo umefunguka kama wa mtu aliyechoka tangu alfajiri, na jicho moja, la upande wa binti yake, lilikuwa wazi kabisa.