Dirisha la Stendi Mpya ya Voi

Bado nina hasira, na wa kukasirikiwa ni mimi mwenyewe.

Nimesoma hadi kidato cha nne, kwa hivyo stendi mpya ya Voi haikunitisha. Kwenye ile ya zamani tulilipia ndani ya basi; kwenye hii, nilisikia, tikiti ni dirishani. Nikaona dirisha lenye foleni, nikaingia na mtoto mgongoni. Basi la Kasigau ni moja tu kwa siku, na tayari lilikuwa linanguruma.

Mara mzee mmoja akapenya mbele yangu.

"Baba, rudi nyuma! Sote tuna haraka."

"Mwanangu, nihurumie, nimezidiwa."

"Umezidiwa na nini? Mimi nimebeba mtoto! Stendi mpya, adabu mpya!"

Watu wakacheka. Mjinga mimi, nikadhani wananiunga mkono. Mzee akarudi nyuma, miguu ameibana.

Zamu yangu ikafika. Nikasema kwa sauti, wote wasikie: "Kasigau, mtu mzima mmoja. Mtoto nitampakata."

Karani akanitazama, kisha akatazama basi likitoka getini.

"Mama, hapa tunalipisha choo. Nauli ni ndani ya basi, vile vile kama zamani."