Chupa za Ng'ambo

Hadi leo nikiona lori la soda linapita Tunduma, roho inanichafuka. Mwaka juzi mdogo wangu alifanyiwa sendofu, sherehe ya kumuaga bibi harusi, nyumbani kwetu, jirani na Mbozi Mission, na kamati ikanipa mimi kazi ya vinywaji. Nina duka la vinywaji mpakani, nani mwingine angepewa? Kwetu pombe haiingii kwenye sherehe ya namna hiyo, kwa hiyo soda ndiyo heshima yenyewe. Mgeni akiikosa, hata ashibe wali na nyama, atasema hakupokelewa.

Asubuhi ya sherehe nikapeleka kreti za chupa tupu depo ya soda, maana bila chupa hupewi soda. Mpokeaji akainua moja, akaitazama kitako, akaiweka pembeni. Ya pili hivyo hivyo. Karibu nusu ya mzigo wangu ukaishia pembeni.

"Hizi za Zambia, dada," akasema. "Kiwandani hawazipokei."

Nilitamani kumrukia. Sisi wa mpakani tunanunua Nakonde, upande wa Zambia, tunanywa Tunduma, chupa tunaiacha popote kiu ilipoishia. Miaka yote nilikagua nyufa tu; uraia wa chupa nani ana muda nao? Nikasema basi nilipie chupa. Akajibu chupa zimeadimika, na hela haijazwi soda ndani. Nikavuka Nakonde na zile zilizokataliwa, kule nako gari la soda lilikuwa halijafika. Nikazunguka madukani kuokotaokota soda za chupa za plastiki, nikapata kiduchu. Nilipanda kwenda Mbozi nalia kwa hasira, na sijui nani alinikera zaidi, wao au mimi mwenyewe.

Jioni soda zikaanzia upande wa wakwe. Wa kwetu wengi wakagawana, wawili chupa moja. Mama alipata yake, lakini shangazi wa bwana harusi alipoingia kachelewa, Mama akampelekea ile yake.

Mshereheshaji akaita watu wapite mbele kugongesha vinywaji na bibi harusi. Ukumbi ukainuka na muziki, kila mtu na chupa au glasi ya soda mkononi. Mama akabaki kwenye kiti. Nikamsihi aende hata na glasi ya maji, akasema miguu inamuuma. Mdogo wangu aligongesha na wote mpaka mstari ukaisha, kisha akaomba maiki.

"Mama yangu bado," akasema. "Namsubiri."

Mama akainama, akajifanya anatengeneza kiatu.