Jemadari aliyekufa mtoto: plot hole (tobo la hadithi) ya gemu iliyoingia kwenye kikao cha ukoo wetu

Wakuu, mtu aliyekufa akiwa mtoto anaachaje mtoto?

Niliulizwa hivyo mbele ya ukoo mzima na sikuwa na jibu. Haya yalinipata mwenyewe, sijaongeza chumvi. Majina tu ndiyo nimebadilisha.

Nilimaliza chuo, ajira hakuna, nikarudi nyumbani Matongo, Tarime. Ilikuwa miaka ile kila mwenye mikono amekimbilia dhahabu. Kaka yangu Mwita, mtoto wa baba mkubwa, hakushika sululu. Alifungua kibanda cha gemu. Wachimbaji wakitoka shimoni wanakuja kucheza, vumbi hadi kwenye kope.

Lililopendwa ni gemu moja la mapanga lenye sehemu saba. Nililimaliza lote nikiwa chuo, hivyo nikawa mkalimani: maandishi ya Kiingereza yanapita, mimi nawasimulia.

Sasa watu wa lore, mnaofuatilia historia za ndani ya magemu, mtanielewa.

Sehemu ya kwanza, shujaa anadai kiti cha utawala kwa kuwa ni mtoto wa Jemadari. Sehemu ya nne inarudi nyuma, unaoneshwa kaburi: Jemadari alikufa kwa homa akiwa mtoto mdogo. Sehemu ya sita shujaa bado ni mwanawe, na hakuna anayeshtuka. Watengenezaji kimya.

Nikawaambia pale kibandani kwamba canon, yaani hadithi rasmi ya gemu, imekufa na shujaa hana haki ya kiti.

Mchimbaji mmoja wa Sirari akacheka. "Sister, hiyo ni shida gani? Mama yake aliolewa nyumba ntobhu."

Kwa wasiojua: kwetu, mama asiye na mtoto wa kiume, au aliyefiwa naye, anaweza kutoa ng'ombe akaoa msichana. Watoto watakaozaliwa ni wa nyumba yake, wanaitwa kwa jina la mwanawe, hata kama alishafariki. Si siri.

"Hao watengenezaji watatoa wapi nyumba ntobhu?" nikamjibu.

"Kwani huko kwao watoto hawafi?"

Kibanda kizima kikaangua kicheko. Mwita peke yake hakucheka.

"Ghati ana pointi," alisema. "Aliyekufa mtoto hazai."

Na mimi mwenyewe ni wa nyumba ya namna hiyo. Bibi alikuwa mke mdogo wa babu. Mwanawe pekee, Chacha, alifariki angali mdogo, ndipo bibi akamwoa mama yangu. Shuleni niliitwa Ghati Chacha, na kijijini hakuna aliyewahi kunihoji.

Kisha bibi akafariki, na kwenye shamba lake ukaonekana mwamba wenye dhahabu.

Msiba ulipokwisha, baba mkubwa, mtoto wa mke mkubwa, akaitisha kikao. Akasema bibi hakuacha mrithi, kwa hiyo shamba ni la nyumba yake.

Mama akamwambia, "Shemeji, ng'ombe wa mahari yangu uliwafikisha kwetu wewe, kwa fimbo yako."

Baba mkubwa akatazama chini. Mwita ndiye aliyesimama.

"Ghati, wewe msomi. Waambie wazee. Mtu aliyekufa akiwa mtoto anaachaje mtoto?"

Ilikuwa hoja yangu ile ya kibandani. Wazee wakanigeukia.

Shamba likaenda. Tukabaki na nyumba na uwanja wake. Mwita alifunga kibanda, sasa anachimba palipokuwa na mihogo ya bibi.

Jibu lilinijia baadaye, halina kazi tena. Lile gemu lilivunja sheria liliyojiwekea lenyewe. Bibi yangu aliifuata sheria hatua kwa hatua.

Nilichojifunza: canon si ukweli, ni uamuzi wa aliyeshika pad ya kuchezea. Jambo lisiloingia akilini linaweza kukaa miaka na miaka bila kumkera mtu, mpaka chini yake kionekane kitu cha kugombea.

Karibuni mchangie. Kwenye magemu mnayofuatilia ninyi, nani huamua kipi kilitokea na kipi hakikutokea? Wa kuniambia niende mahakamani aje na nauli.

Juzi tu, tukimenya mihogo ya kununua, mama alinitajia jambo bila hata kuinua macho. Babu yetu, baba mzazi wa baba mkubwa, naye alizaliwa nyumba ntobhu. Na yule ambaye ukoo unamtaja kuwa baba wa babu hakufa mtoto.

Hakuwahi kuzaliwa.