Mwanamke Aliyechukua Kiti Changu

Siku mwekezaji aliyenunua kiwanda chetu alipomtangaza meneja mkuu mpya, nilikuwa nimevaa suti. Niliishonesha kwa fundi wa mjini Morogoro kwa ajili ya siku hiyo tu, maana hakuna mtu kiwandani aliyekuwa na shaka kwamba kiti kile ni changu. Nilikuwa mkuu wa uzalishaji tangu kiwanda chetu cha kusindika nyanya kikiwa mali ya umma, wakati bado tukiitana ndugu. Nilikuwa nimesoma uongozi chuoni Mzumbe. Kila mashine niliijua kwa mlio wake.

Akatajwa dada wa maabara.

Nilipiga makofi kuliko watu wote. Dada huyo alikuja kwetu akiwa karani wa kupima nyanya, binti wa wakulima wa Mgeta, kule milimani, na mimi ndiye niliyemfundisha kujaza fomu zake za kwanza. Sasa wafanyakazi walianza kumwita Mama Meneja, na wengine waliomzidi umri walimpisha mlangoni. Nyumbani mke wangu aliniuliza kama suti imenikaa vizuri. Nikamjibu kwamba inanibana.

Tangu siku hiyo nikawa namchunguza. Nilitaka akosee. Nilihesabu maneno ya Kiingereza aliyoyakosea mbele ya wageni, nikayapeleka kwa wenzangu kantini kama zawadi.

Shida yetu kubwa wakati ule ilikuwa nyanya. Maduka yalikuwa yamejaa nyanya za kopo kutoka nje, na wakulima wa milimani walikuwa wamekata tamaa na sisi. Waliona heri wapakie malori yaende Dar. Mama Meneja akaniambia, "Kaka, kesho twende Mgeta tukazungumze nao."

Gari lilituacha barabara ilipoishia, tukapanda kwa miguu. Yeye alipanda akizungumza, mimi nikihema nyuma yake na viatu vyangu vya ofisini. Wakulima walikuwa wamekusanyika nje ya ghala. Nikaomba nianze mimi. Nikaeleza juu ya ubora, ushindani na soko huria, na niliona nimesema vizuri sana. Kisha bibi mmoja akasimama.

"Nyanya zetu zilioza getini kwenu siku tatu, matenga yanachuruzika maji," alisema. "Ninyi mlikuwa ndani mnakunywa chai."

Nikafungua mdomo kueleza kwamba siku zile utaratibu ulitoka makao makuu. Mama Meneja akanigusa mkono.

"Shikamoo, bibi," alisema.

"Marahaba."

"Nilikuwemo ndani siku hiyo. Niliyaona matenga kwa dirisha, na sikusema kitu. Sasa nimepewa nafasi ya kusema. Lori likifika kwetu asubuhi, jioni liwe limeshashushwa. Lisiposhushwa, nyumbani kwa wazazi wangu mnapajua. Nendeni mkawaulize wamezaa mtu gani."

Watu wakacheka. Bibi naye akacheka. Kabla hatujashuka, walikuwa wameanza kupanga nani ataleta siku gani. Mimi niliteremka nimenuna. Nilijiambia kwamba wamemkubali kwa sababu ni mtoto wao tu. Lakini nilijua moyoni kwamba hata ningezaliwa pale pale, nisingeweza kutamka, "Niliona na sikusema."

Basi msimu ukaanza, malori yakaja, na yalishushwa. Kila lori lilinichoma.

Wiki moja kabla ya wenye mali, yule mwekezaji na wenzake, kuja kukagua kiwanda, nilisikia mashine ya kufungia makopo ikilia vibaya. Nikaikagua. Roli moja, kigurudumu kinachokaza mfuniko, ilikuwa imelika, na vifuniko vilianza kukaa upande. Miaka yote kazi yangu ilikuwa kuandika taarifa saa hiyo hiyo. Safari hii nilifuta mikono, nikaenda zangu. Nilijisemea kwamba yeye ndiye meneja, na ajue mwenyewe.

Wageni walifika saa nne asubuhi. Walikuwa wamesimama kando ya mashine hiyo pale makopo yalipoanza kufunguka na kutapika rojo ya nyanya sakafuni, mpaka kwenye viatu vyao. Mtambo ukazimwa. Mmoja wao akauliza kwa sauti kali nani anahusika na mashine hii. Nikajisogeza nyuma ya wenzangu.

"Kosa ni langu," alisema Mama Meneja. "Nilitakiwa kuikagua kabla hamjafika, na sikuikagua. Tutairekebisha."

Alisemwa mbele yetu sote, na hakugeuka kunitazama. Nilikuwa nimeingoja saa hiyo kwa miezi, na ilipofika haikuwa na utamu wowote.

Mchana aliniita ofisini, akafunga mlango.

"Kaka, ulijua?"

"Nilijua."

Niliona macho yake yamejaa machozi, na akayaacha hapo hapo bila kuyafuta.

"Sitakufukuza, kwa sababu mashine hizi hakuna anayezijua kama wewe. Lakini siwezi kukuamini tena. Kila asubuhi utapita nami mtambo mzima, na utanieleza unachosikia."

Tulipita hivyo kila asubuhi, kwa miaka miwili. Sikuwahi kumwomba radhi. Yeye alijifunza milio yote, na mimi nilijifunza kumjibu ninapoulizwa. Baadaye alihamishiwa Dar kwenye cheo kikubwa zaidi, na kiti chake nikapewa mimi. Kabla ya kukikalia, nilijikuta napima upana wake kwa macho, nikijiuliza yeye alikaaje.

Nilipostaafu niliombwa niende Mzumbe kuzungumza na mameneja vijana kuhusu uongozi. Niliwasimulia habari za wakulima wa Mgeta na za makopo yaliyofunguka. Niliwaambia meneja abebe kosa mbele za watu, na faraghani amuulize aliyekosa. Waliandika kila neno. Mwishoni kijana mmoja akainuka akasema, "Mzee, inahitaji moyo mkubwa kufanya ulivyofanya siku ile mbele ya wenye mali."

Sikuwa nimesema kwamba meneja yule ni mimi. Ukumbi mzima ulipiga makofi. Ningeweza kumsahihisha kwa sentensi moja, na sentensi hiyo nilikuwa nayo mdomoni.

Nikasema, "Asante, mwanangu," nikakaa.