Nguvu Kumi na Nne

Asubuhi ya Jumapili mdogo wa kiume wa Sista alishikwa na kiuno bafuni, akalala sakafuni akimwita mama, ilhali mama yao alishafariki zamani. Aliyekuja ni dada yake, ambaye mtaa mzima humwita Sista kwa sababu ya kazi yake ya uuguzi wodini. Miaka kumi na mmoja anageuza wagonjwa vitandani, wengine mapande ya watu hasa. Akapitisha mkono mmoja kwapani, mwingine chini ya magoti, akambeba hadi kwenye kochi la sebuleni, akamchua dawa.

Alasiri wakaja wenzao wawili, kinyozi na mwalimu wa hesabu, kucheza kama kila Jumapili. Ni mchezo wa mezani: kila mmoja ana shujaa wake wa karatasini, mwenye alama za nguvu na akili, mdogo mtu husimulia safari, na dadu huamua nani atapona. Kwa mujibu wa daftari lao la kanuni, nguvu za shujaa wa kike hazipiti kumi na nne. Wa kiume hufika kumi na nane. Mwanamke hufidiwa alama mbili za mvuto, kana kwamba mlango wa chuma hufunguka ukikonyezwa.

Sista alikuwa ameilalamikia kanuni hiyo miaka mitatu. "Daftari likijaa, dada, tutapiga kura kabla ya kunakili jipya," mdogo wake alimwahidi. Sasa lilikuwa limejaa.

Kinyozi alikataa hata kabla hajakaa vizuri. "Tusidanganyane bwana, mwanamke ni mwanamke."

"Mimi naona ifutwe," alisema mwalimu, Mungu ambariki. "Haina kichwa wala miguu."

Sista naye alitaka ifutwe, na kwao kura zikilingana kanuni hubaki; ikabaki kura ya mtu wa kochini. Sista alimtazama huku akitabasamu, maana hakuwa na shaka naye hata chembe. Sebule nzima ilikuwa bado inanukia ile dawa ya kuchua.

"Ibaki," alisema mdogo wake, macho darini. "Mchezo lazima ufanane na maisha kidogo, dada."

Maisha! Kwenye mchezo huohuo kuna joka linalotema moto na farasi anayedai mshahara, na hao hawakumsumbua hata siku moja. Kinyozi alicheka mpaka akajishika mbavu. Sista alisonya. Angeweza kuondoka, lakini aende wapi? Hiyo ndiyo alasiri yake pekee ya wiki, na hao ndio watu wake.

"Andika wewe, una mwandiko mzuri," kinyozi akamsukumia daftari jipya.

Akaandika. Alipofika kwenye kanuni ile aliinakili kwa herufi zilizonyooka na kuipigia mstari kwa rula, kama zile nyingine.

"Dada, nishike, nataka kwenda chooni."

Akaweka kalamu, akainama, akamwinua mara moja tu. Hakutweta.

"Duh!" alisema mdogo mtu, mikono ameizungusha shingoni mwake. "Una nguvu kama mwanaume."

Sista alimfikisha, akasubiri nje ya mlango, akamrudisha kochini, kisha akakaa kumalizia ukurasa.